Sauti ya Anayepigwa Picha: Filamu za Hali Halisi na Huruma ya Watazamaji, Tangu Enzi za Ukoloni Hadi Leo

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Burundi hufikia mpaka Kabanga, wilayani Ngara, na ng'ambo ya pili huanza Kobero, tarafa ya Butihinda, katika eneo la Muyinga. Wenyeji wa pande zote mbili huelewana bila mkalimani, kwa kuwa Kihangaza cha Ngara na Kirundi ni ndugu, na panapopungua maneno Kiswahili hujazia. Sehemu kubwa ya bidhaa ziingiazo Burundi hupita hapa juu ya malori. Lakini kwa zaidi ya nusu karne mpaka huu wa Burundi na Tanzania umepitisha pia watu waliokimbia na watu waliofukuzwa: waliokwenda mashariki mwaka 1972, 1993 na 2015, waliorudi nyumbani kwa misafara ya UNHCR kuanzia mwaka 2002, na waliosukumwa kutoka Kagera mwaka 2013. Wapiga picha walikuja na wakaondoka, na picha iliyobaki machoni mwa walio mbali ni moja: msururu wa watu wenye mizigo kichwani. Jambo la kuuliza ni jinsi macho ya dunia yalivyofundishwa kuwatazama watu hao, na jinsi huruma ya watazamaji ilivyojengwa, ikapotoshwa, kisha ikaanza kurekebishwa. Ufunguo wa historia hiyo ni swali moja ambalo kila enzi ililijibu kwa namna yake: ndani ya filamu, nani anasema?

Kabla ya sinema kufika huku kulikuwa na picha zisizotembea, na picha hizo zilikuwa bubu. Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Mugera, nchini Burundi, mwaka 1899, na Wajerumani wakahamishia makao yao ya utawala Gitega mwaka 1912. Mwaka 1911 msafiri na mtaalamu wa jiografia Hans Meyer alipita katika nchi hii, na kitabu chake kuhusu Warundi kikachapishwa mwaka 1916. Mtaalamu alimpiga picha Mrundi ili amchunguze. Mmisionari alimpiga picha ili wafadhili wa Ulaya waone roho ya kuokolewa. Katika hali zote mbili aliyepigwa picha alinyamaza, na maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yalikuwa ya mwingine. Mazoea ya enzi zilizofuata yalianzia hapo: mwenye kifaa ndiye mwenye maneno.

Filamu ya hali halisi ilipata umbo lake kati ya vita vikuu viwili vya dunia. Mwaka 1922 Robert Flaherty alionyesha maisha ya Wainuit wa Kanada katika Nanook of the North, akampa mtazamaji wa mjini jina la mtu, familia yake na mapambano yake na njaa. Hata hivyo mambo mengi humo yalipangwa mbele ya kamera, na majina ya watu yakabadilishwa. Mwaka 1933 Henri Storck na Joris Ivens walitengeneza Misère au Borinage, wakiwafuata wachimba makaa wa Ubelgiji waliofukuzwa kazi na nyumba zao baada ya mgomo wa mwaka 1932. Wachimbaji wenyewe waliwasaidia kazi hiyo, wakairudia mbele ya kamera misukosuko iliyowapata. Mwaka 1935, katika mtaa wa Stepney jijini London, Arthur Elton na Edgar Anstey waliwasimamisha wapangaji wa vibanda mbele ya kipaza sauti wakaeleza wenyewe habari za panya, kuta zinazobomoka na watoto wagonjwa. Filamu hiyo, Housing Problems, iliweka jambo jipya: maskini akazungumza, na mtazamaji akalazimika kumsikiliza.

Jambo hilo halikuvuka bahari. Mwaka huohuo wa 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulianza mradi uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani. Hadi ulipokoma mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu zipatazo 35, ambazo lori lenye projekta lilizizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilifundisha kilimo, afya na kodi. Mojawapo ya zile za mwanzo ilionyesha vibarua wawili: mmoja aliyezika pesa zake ardhini zikaibwa, na mwingine aliyeziweka katika benki ya posta. Waliocheza walikuwa Waafrika, lakini sauti ilitoka kwenye sahani ya santuri iliyorekodiwa pembeni, ikisema yale ambayo watawala walitaka yasemwe. Wakati mpangaji wa London alipewa kinywa ili serikali imsikie, mkulima wa Tanganyika alipewa masikio ili aisikie serikali. Shida yake ilionyeshwa kuwa imetokana na ujinga wake, na kwa hiyo ilimstahilia somo, si huruma.

Utaratibu huo ulipata nguvu zaidi baada ya mwaka 1939, Uingereza ilipoanzisha Kitengo cha Filamu za Makoloni. Magharibi ya Kobero, Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Ubelgiji, nchi ileile iliyotoa filamu ya wachimba makaa wa Borinage. Katika koloni kamera ya Kibelgiji ilibadili lugha. Mfalme Baudouin alipoitembelea Kongo na Ruanda-Urundi mwaka 1955, André Cauvin alitengeneza filamu ya rangi aliyoiita Bwana Kitoko, yaani bwana mzuri, jina alilobandikwa mfalme huyo kijana. Umati unashangilia, ngoma zinalia, bendera zinapepea, na msimulizi anaeleza furaha ya wenyeji bila mwenyeji kuulizwa. Mwaka huohuo Jumba la Makumbusho lilianzishwa Gitega kuhifadhi vyombo vya ufalme wa Burundi. Utamaduni uliwekwa kabatini na umati ukawekwa kwenye filamu, na vyote viwili vilikuwa vya kutazamwa tu. Sheria za koloni zilitenganisha hata watazamaji: filamu za kuonyeshwa Waafrika zilichujwa kwanza, na nyingi walizoziona Wazungu hawakuruhusiwa kuziona.

Ukuta huo ulianza kupasuka miaka michache kabla ya uhuru. Mwaka 1958 Mfaransa Jean Rouch alikamilisha Moi, un noir, filamu kuhusu vijana kutoka Niger waliokuwa wakitafuta vibarua Abidjan, akamwachia mmoja wao aitazame picha na kuisemea kwa maneno yake. Ilikuwa hatua kubwa, lakini haikuwatosha Waafrika walioanza kushika kamera wenyewe. Mwaka 1965 Ousmane Sembène wa Senegal alimkabili Rouch uso kwa uso, akamlaumu kwamba yeye na wenzake waliwatazama Waafrika kama wadudu. Kwa hoja ya Sembène, kumwonyesha mtu akitenda hakutoshi. Lazima ajulikane ametoka wapi na anaelekea wapi, la sivyo mtazamaji hubaki na mshangao na hafiki kwenye uelewano. Burundi ilikuwa imepata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ikiwa na redio na ikiwa bado haina televisheni wala watengenezaji wake wa filamu.

Gharama ya upungufu huo ilionekana muongo uliofuata. Mwaka 1972 mauaji yaliyoitwa Ikiza yaliangamiza watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000 nchini Burundi. Walionusurika walivuka mipaka kwa makumi ya maelfu, na Tanzania ikawapa mashamba katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Dunia haikupata filamu ya kuitikisa kuhusu msiba huo, na msiba ukapita kama habari ya kurasa za ndani. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1973, Jonathan Dimbleby alionyesha katika televisheni ya Uingereza njaa ya Wollo, Ethiopia, ambayo serikali ya Haile Selassie ilikuwa ikiificha, na michango ikamiminika. Filamu hiyo ilikuwa na safari ya pili. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Septemba 1974, maofisa wa Derg, kamati ya wanajeshi, waliirusha katika televisheni ya Ethiopia baada ya kuipachika picha za karamu za kasri, na kulipopambazuka mfalme akaondolewa. Sura zile zile za wenye njaa zilizowafanya Waingereza watoe fedha ziliwafanya Waethiopia waione hasira ya mapinduzi kuwa halali. Tofauti ilitoka katika uhariri: picha huvuta maana kutoka kwa picha iliyowekwa kando yake.

Njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ndiyo iliyoweka muhuri wa enzi ya televisheni, na aliyeupiga muhuri huo alikuwa mwana wa Afrika Mashariki. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha Camerapix mwaka 1963. Picha alizopiga Korem, zikiambatana na maelezo ya Michael Buerk, zilirushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, kisha zikachukuliwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Kamera yake ilitembea polepole juu ya uwanda wa alfajiri, ikainama hadi usawa wa uso wa mtoto, ikakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi ya taarifa za habari. Mtazamaji alinyimwa nafasi ya kugeuza macho. Ndani ya miezi tisa, tarehe 13 Julai 1985, tamasha la Live Aid lilikusanya mamilioni ya pauni, na maisha mengi yakaokolewa. Lakini waliolala katika uwanda ule hawakusikika. Vita vya Tigray na Eritrea, vilivyoifanya njaa kuwa silaha, vilifunikwa na maneno yaliyoufanya msiba uonekane kama ghadhabu ya mbinguni. Huruma ilipatikana kwa wingi, ila ilimwona mwathirika bila kumwona aliyemdhuru.

Wasiwasi juu ya urithi huo ulizuka mapema. Mwaka 1989 mashirika ya hisani ya Ulaya yalipitisha kanuni za maadili kuhusu picha za nchi maskini, yakikataza kumdhalilisha binadamu ili kupata mchango. Hata hivyo mwaka 2002 utafiti wa shirika la VSO uligundua kwamba asilimia 80 ya Waingereza bado waliziona nchi zinazoendelea kwa sura ya njaa, maafa na misaada ya Magharibi. Wakati mjadala huo ukiendelea Ulaya, jibu lilikuwa limekwisha kutolewa kwetu. Mwaka 1992 Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling alitengeneza These Hands, kuhusu wanawake wapondao kokoto machimboni nje kidogo ya Dar es Salaam, wengi wao wakiwa wakimbizi kutoka Msumbiji. Filamu hiyo karibu haina msimulizi. Nyundo inapiga jiwe, vumbi linatanda, mtoto ananyonya, wanawake wanaimba na kucheza wakati wa kupumzika. Mtazamaji haambiwi awahurumie. Anakalishwa nao mpaka uzito wa nyundo umfikie mkononi, kisha anawaona wakicheka, na hapo anashindwa kuwafanya watu wa kuombewa tu.

Mfano huo haukufuatwa maafa makubwa yalipoufikia mlango wa Kobero. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wapatao 700,000 wakakimbilia Rwanda, Tanzania na Zaire. Miezi sita baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24, na kambi ya Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Mwezi Julai Wanyarwanda wapatao milioni moja waliingia Goma, Zaire, na kipindupindu pamoja na magonjwa mengine yakaua maelfu kwa maelfu. Kamera ambazo hazikuwepo mauaji ya kimbari yalipokuwa yakitendeka ndani ya Rwanda zilikuwepo Goma kwa mamia. Dunia ikalia juu ya kambi bila kuambiwa vya kutosha kwamba miongoni mwa waliozitawala walikuwamo waliopanga mauaji. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa, likikataa misaada yake iendelee kuwalisha wauaji. Picha ya umati ilikuwa imefuta tofauti kati ya mwenye damu mikononi na mama aliyembeba mwanawe, na wote wawili wakadhulumiwa na hukumu moja ya machozi.

Miaka iliyofuata ilileta mwongozaji mmoja ambaye kazi zake zinaonyesha nguvu na hatari ya ufundi huu. Mwaka 1997 Hubert Sauper wa Austria alipiga filamu ya Kisangani Diary, akifuata reli ya kusini mwa Kisangani hadi kwa wakimbizi wa Kinyarwanda waliokwisha kusahauliwa msituni. Mwaka 2004 alitoa Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, kuhusu minofu ya sangara inayosafirishwa Ulaya huku wakazi wakibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki. Filamu hiyo ilipata tuzo na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, Bunge likailaani, na wakazi wa Mwanza wakaandamana kuipinga. Baadhi ya waliozungumza ndani yake walipata misukosuko baada ya kamera kuondoka. Watetezi wake walisema imefichua dhuluma ya biashara ya dunia. Wapinzani walisema imeuchafua mji mzima kwa kuchagua giza lake tu. Huruma ya mtazamaji wa Paris ilikuwa ya kweli, lakini bei yake ililipwa na mtu wa Mwanza, ambaye hakushirikishwa pale picha zilipochaguliwa.

Sambamba na hayo ilikua njia nyingine, isiyo na tuzo nyingi. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo nchini Kanada, Colin Low aliwapiga picha wavuvi waliotishiwa kuhamishwa, akawarudishia filamu waitazame na kuijadili kabla ya serikali kuiona. Fikra hiyo ilipata mwangwi wake kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1990, ambako wanavijiji wa Mtwara na Lindi walitumia video kueleza kero zao, ukiwamo uvuvi wa baruti. Nchini Rwanda, Eric Kabera alitoa Keepers of Memory mwaka 2004, akiwaachia manusura waongoze kumbukumbu zao. Anne Aghion alifuatilia mahakama za kijamii za gacaca kwa miaka mingi, akatoa My Neighbor, My Killer mwaka 2009. Filamu hizi zilimpa mtazamaji kitu kilichokosekana Goma: majina, muda, na haki ya mtu kukataa kusamehe.

Burundi nayo ikapata watu wake. Léonce Ngabo, aliyeongoza filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, Gito l'ingrat, mwaka 1992, alianzisha tamasha la FESTICAB mwaka 2009, na vijana wakapata mahali pa kuonyesha kazi zao. Mwaka 2010 Eddy Munyaneza alitoa Histoire d'une haine manquée, hadithi ya chuki iliyoshindwa. Aliurudia mwaka 1993, mwaka uliowajaza watu barabarani kuelekea Rwanda na Tanzania, lakini kamera yake haikuutafuta msururu. Iliwatafuta waliobaki kilimani wakawaficha majirani zao wa kabila jingine. Hapa filamu ilifanya kazi ambayo mgeni asingeiweza: haikumwomba mtu wa mbali amhurumie Mrundi, ilimwonyesha Mrundi huruma aliyokwisha kumtendea Mrundi mwenzake. Mwaka 2015, fujo zilizofuata tangazo la muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza ziliteketeza redio za binafsi na kuwatawanya waandishi na wasanii. Munyaneza mwenyewe akawa uhamishoni Ubelgiji, ambako alitoa Lendemains incertains mwaka 2018.

Katikati ya kipindi hicho lilitokea tukio lililodhihirisha mgongano wa njia mbili hizi. Tarehe 5 Machi 2012 shirika la Kimarekani la Invisible Children lilitoa Kony 2012, filamu ya dakika 30 iliyotazamwa mara milioni 100 katika siku sita. Ilitumia muziki wa kusisimua, mtoto mdogo wa mwongozaji na ujumbe mwepesi: mkamateni mtu mmoja, Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda. Tarehe 13 Machi ilionyeshwa hadharani Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu walioyapitia mateso ya waasi hao. Waliposubiri kujiona hawakujiona. Waliona vijana wa Marekani na sura ya mtesi wao ikichapishwa kwenye mabango na fulana. Mkutano ulivunjika kwa hasira na mawe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na watu wa Lira walikuwa wameonyeshwa kaburi lao likisimuliwa na mpita njia.

Muongo uliofuata ulivuna mafunzo hayo. Mwaka 2017 ilitoka Thank You for the Rain, ambamo Kisilu Musya, mkulima wa Kitui nchini Kenya, alikabidhiwa kamera na Julia Dahr wa Norway, akajipiga mwenyewe kwa miaka kadhaa: ukame, mafuriko, ugomvi na furaha za nyumbani mwake. Mwaka 2020 Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa En route pour le milliard. Filamu hiyo inawafuata majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya Kisangani vya Juni 2000, wakisafiri kwa boti chini ya mvua hadi Kinshasa kudai fidia. Wengi wamekatika viungo, lakini kamera haiyatazami makovu kwa namna ya kuyanadi. Inakaa nao wakibishana, wakiimba, wakigombea turubai. Baada ya siku nyingi mtoni mtazamaji haulizi tena awape nini, anauliza kwa nini hawajalipwa. Huruma imegeuka kuwa madai ya haki, nayo ndiyo safari ndefu kuliko zote katika historia hii.

Kobero ya leo imerithi enzi zote hizi kwa pamoja. Ina kituo cha forodha cha pamoja na Kabanga, na tangu mwaka 2025 Muyinga imeingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza. Simu zenye kamera ziko mifukoni mwa madereva, wachuuzi na wanaorejea kutoka kambini, kwa hiyo ule uhaba wa vifaa wa mwaka 1972 umekwisha. Lakini mengine hayajabadilika. Filamu nyingi za enzi ya Wabelgiji zimehifadhiwa Brussels na Tervuren, nchini Ubelgiji, na sura za mababu wa Gitega na Muyinga zinaendelea kucheza humo zikiwa bubu, huku wajukuu wao wakihitaji viza ili kuzitazama. Fedha za kutengeneza filamu bado hutoka mbali kwa sehemu kubwa, na chumba cha uhariri mara nyingi kiko mbali vilevile. Msururu wa watu wenye mizigo kichwani ungali picha ya kwanza inayotafutwa na mgeni afikapo mpakani.

Karibu karne moja imepita tangu lori la BEKE liwashe projekta yake mbele ya wanakijiji, na desturi ile ya kuonyesha filamu hadharani, watu wakiwa wamekaa chini, inastahili kurudishwa kwa nia nyingine. Filamu ya Kobero na ionyeshwe Kobero kwanza, kabla ya Amsterdam na Paris, kwa Kirundi na Kiswahili, mbele ya waliomo, na mwongozaji awe amekaa nao. Wakiinuka na kusema kwamba hawakuwa hivyo, arudi katika chumba cha uhariri na maneno yao mkononi. Watu wa Lira walilazimika kusema kwa mawe kwa sababu filamu iliwafikia baada ya dunia nzima kuiona. Wa Kobero wangeweza kusema kwa maneno tu, na wakati wa kurekebisha ukawa bado upo.